Mtoto Akitoka Kukatwa Mafindofindo: Wiki Mbili za Kumuuguza Nyumbani

Upasuaji wa kuondoa mafindofindo kwa kawaida hauchukui hata saa nzima. Kumuuguza mtoto baada yake ni kazi ya wiki mbili, na karibu yote inafanyika nyumbani, mikononi mwa mama, baba, bibi au dada wa kazi. Makala haya ni kwa ajili ya mtu aliyekwisha kupewa tarehe ya upasuaji, au aliyerudi nyumbani na mtoto pamoja na karatasi ya hospitali yenye mistari mitatu tu, na sasa anajiuliza aanzie wapi.

Kwanza tujue kilichokatwa. Mafindofindo, ambayo wengi tunayaita tonsesi, ni vinyama viwili vilivyo kushoto na kulia kwa koo. Mtoto akipanua mdomo unaviona nyuma ya ulimi. Vinyama vingine, adenoidi, viko juu zaidi, nyuma ya pua, na huwezi kuviona kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyosemwa mtoto anapoambiwa ana nyama za puani. Kazi yake ni kusaidia kunasa vijidudu, lakini vikivimba mno huziba njia ya hewa: mtoto anakoroma, anakata pumzi usingizini, analala mdomo wazi, au anaugua koo mara kwa mara. Mara nyingi daktari huviondoa vyote siku moja, kupitia mdomoni, mtoto akiwa amelala kabisa kwa nusu kaputi. Nje hakuna kidonda wala mshono. Wazazi wengi huuliza kama kinga ya mwili itashuka. Usihofu hilo, mwili una sehemu nyingine nyingi zinazofanya kazi hiyo hiyo.

Na tafadhali tusichanganye upasuaji huu na kukata kimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo. Kukikata mtaani kwa wembe kumewatoa watoto roho, kwa kuvuja damu na kwa maambukizi, na hakuponyi kikohozi.

Huduma inapatikana wapi, na kwa gharama gani? Anayefanya kazi hii ni daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Kwa Tanzania utampata Hospitali ya Taifa Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, Benjamin Mkapa ya Dodoma, na katika baadhi ya hospitali za mikoa na za binafsi. Ukianzia hospitali ya wilaya, omba barua ya rufaa na uitunze. Bei hupishana sana, kwa hiyo usiridhike kutajiwa bei ya operesheni peke yake. Omba uandikiwe mchanganuo mzima: kumwona daktari, vipimo vya damu, picha ya eksirei, upasuaji na dawa ya usingizi, kitanda cha wodini, dawa za kwenda nazo nyumbani, na siku ya kurudi kliniki. Mwenye bima aulize mapema kama kinahitajika kibali, maana kibali kinachochelewa huahirisha upasuaji. Sera ya afya inawasamehe ada watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali. Ukitajiwa malipo usiyoyaweza, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo kabla ya siku ya upasuaji, usisubiri bili.

Kabla ya siku hiyo, yapo mambo ambayo daktari lazima ayasikie kutoka kinywani mwako hata kama hajauliza. Je, mtoto ana selimundu, au kuna ndugu yake mwenye selimundu? Ana pumu? Kuna mtu kwenye ukoo ambaye akijikata damu haikatiki haraka? Mtoto ana jino linalolegea? Amekohoa au amepata homa wiki hii? Kila jibu linaweza kubadilisha mpango. Mtoto mwenye selimundu, kwa mfano, huhitaji maji na uangalizi zaidi, kwa kuwa kiu na maumivu vinaweza kumwamshia ugonjwa wake. Kuhusu kufunga kula, kanuni ya kawaida ni saa sita bila chakula wala maziwa ya kopo, saa nne bila maziwa ya mama, na saa mbili bila maji. Wewe fuata saa ulizopewa na hospitali yako, na usimwonee huruma mtoto ukampa andazi kwa siri. Tumbo likiwa na chakula, anaweza kutapika akiwa usingizini na matapishi yakaingia kwenye mapafu.

Usiku wa kwanza wengine hulala wodini. Mtoto aliye chini ya miaka 3, au anayekata pumzi sana usingizini, inafaa alale hospitali akiangaliwa, na una haki ya kuliomba hilo. Akizinduka anaweza kulia sana, kukukataa, na kutapika mara moja au mbili matapishi yenye damu nyeusi kidogo aliyoimeza wakati wa upasuaji. Matapishi hayo ya siku ya kwanza waonyeshe wauguzi, nao watakuambia kama ni ya kawaida.

Sasa tuje kwenye maumivu, maana hapa ndipo uuguzaji unapofaulu au kushindwa. Mtoto anayeumwa koo hamezi. Asipomeza, koo linakauka na kuuma zaidi, naye anazidi kugoma kunywa, hadi anaishiwa maji na kurudishwa hospitali kuwekewa dripu. Dawa ya maumivu ndiyo inayokata mzunguko huo. Kwa siku za kwanza, tano hadi saba hivi, mpe dawa kwa saa, bila kungoja alie. Ukingoja alie umeshachelewa, kwa sababu dawa huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi, na mtoto aliyeshikwa na maumivu makali hataki hata kuifungulia mdomo.

Dawa ya msingi ni parasetamoli, ile ambayo wengi tunaiita panadoli. Kipimo chake hutokana na uzito, kwa hiyo mpime mtoto kilo zake kabla hujatoka hospitali na umwombe daktari akuandikie ni mililita ngapi na mara ngapi. Kwa kawaida ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Chukua mtoto wa kilo 16: kumi na tano mara kumi na sita ni miligramu 240. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, basi dozi yake ni mililita 10. Soma maandishi ya chupa yako, kwani zipo zenye nguvu zaidi ya hiyo, na mililita 10 zake zitakuwa nyingi mno. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani.

Fanya hesabu ya chupa pia. Mililita 10 mara nne ni 40 kwa siku, kwa hiyo chupa ya mililita 60 inaisha kwa siku moja na nusu. Chupa moja ni shilingi elfu chache tu, lakini mzazi aliyenunua moja anajikuta usiku wa pili hana kitu na duka la dawa limefungwa. Nunua za wiki nzima mapema.

Dawa ya pili ni ibuprofeni. Zamani iliogopwa kwamba inaongeza kutoka damu, na hata leo baadhi ya madaktari hawaitumii. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2019 unaipendekeza, peke yake au pamoja na parasetamoli. Msikilize aliyempasua mtoto wako. Akiiruhusu, unaweza kuzipishanisha dawa hizi mbili: parasetamoli saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku, ibuprofeni saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku, mtoto akiwa ametia kitu tumboni. Usimpe ibuprofeni kama hanywi maji au anatapika sana, na kama ana pumu au tatizo la figo uliza kwanza. Bandika karatasi ukutani, na kila anayempa dawa aandike saa. Katika nyumba zetu zenye watu wengi, mama hutoa dozi, bibi naye akaona mtoto analia akatoa nyingine, na parasetamoli ikizidi huharibu ini. Angalia pia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake.

Zipo dawa za kukataa kabisa. Aspirini huongeza kutoka damu. Kodeini, ambayo huwekwa hata kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, ni hatari zaidi: miili ya watoto wengine huigeuza kuwa mofini kwa kasi, mtoto akalala na pumzi ikapungua hadi kukatika. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliweka onyo kali mwaka 2013 baada ya watoto kufa kwa njia hiyo wakitoka kukatwa mafindofindo. Mwaka 2017 ikasema kodeini isitumike kabisa kwa walio chini ya miaka 12, na tramadoli isitumike baada ya upasuaji huu kwa walio chini ya miaka 18. Mwuza duka akikuambia ana dawa kali zaidi ya panadoli, mshukuru na uondoke. Kama dozi sahihi ya dawa ulizoandikiwa haimtulizi mtoto, mrudishe kwa daktari.

Kinachofuata kwa umuhimu ni maji, na hapa chakula kinaweza kusubiri. Mtoto anaweza kula vibaya kwa wiki nzima, akapungua kidogo, na asidhurike. Bila maji hafiki mbali. Mtoto wa kilo 16 ajitahidi kufikisha kama lita moja hadi moja na robo kwa siku, ukihesabu pia maziwa, uji mwepesi na supu. Usimpe glasi nzima ukamsimamia. Mpe mafunda mawili matatu kila dakika chache, kwa kikombe anachokipenda, wakati anatazama katuni au anasimuliwa hadithi. Muda mzuri ni nusu saa baada ya dawa. Madafu yanafaa, juisi ya embe au ya parachichi nayo inafaa, na barafu za mfuko ulizotengeneza mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa hutuliza koo sana. Ya machungwa, ndimu, nanasi na ukwaju yaache kwanza, kwani hayo huwasha kidonda. Vinywaji vyekundu pia viache, maana akitapika hutajua kama ni rangi au ni damu. Pima mafanikio yako kwa mkojo: akikojoa mara tatu au zaidi kwa siku, mkojo si wa rangi ya chai, mambo ni mazuri. Akipitisha saa nane za mchana bila kukojoa, mdomo mkavu, macho yameingia ndani, mpeleke hospitali.

Kwenye chakula, mpe kilicho laini na kilichopoa: uji, mtindi, viazi vya kuponda, bokoboko, ndizi mbivu, mayai ya kuvuruga, ugali laini uliolowa mchuzi usio na pilipili wala nyanya nyingi. Akitaka mkate au wali wa kawaida mwachie ale, maana kutafuna kunalegeza misuli ya taya na koo. Bisi, kashata, mihogo ya kukaanga na karanga nzima ziache hadi wiki mbili ziishe.

Siku ya pili au ya tatu utachungulia mdomoni uone utando mweupe au wa manjano pale mafindofindo yalipokuwa, na pumzi itanuka. Wazazi wengi hushtuka wakidhani ni usaha. Huo ni utando wa uponaji. Kidonda cha gotini hufanya kigaga kikavu, lakini cha mdomoni kinalowa mate muda wote, ndiyo maana kigaga chake ni cheupe. Usiukwangue kwa kijiko wala kwa kidole kilichofungwa pamba, usimsukutulishe kwa chumvi na ndimu, na usiende kununua amoksilini. Antibiotiki hazihitajiki ila daktari akiziandika, na akiziandika maliza dozi. Meno apigwe mswaki taratibu kama kawaida.

Masikio nayo yatauma, hasa kuanzia siku ya tatu. Mara nyingi sikio lenyewe ni zima. Mshipa wa fahamu unaohudumia koo una tawi linalokwenda sikioni, basi maumivu ya koo husikika huko. Usimtie mafuta ya moto wala matone. Parasetamoli ile ile inatosha.

Halafu kuna siku ambazo nataka uziandike kwenye kalenda na kuzizungushia wino: ya tano hadi ya kumi. Mtoto huwa ameanza kuchangamka, wageni wamepungua, na ghafla maumivu yanarudi. Ni wakati ule utando unapoanza kubanduka. Hapo watu wanakuwa wameshaacha dawa, kumbe zinahitajika tena kwa siku mbili tatu. Na ni katika siku hizo hizo ambapo damu inaweza kutoka. Wengi hawapati tatizo hili. Kati ya watoto mia, ni kama watatu hivi wanaovuja damu baada ya kufika nyumbani. Lakini mtoto ana damu kidogo mwilini, na uvujaji ulioanza polepole unaweza kugeuka mkubwa ndani ya muda mfupi.

Mstari mmoja mwembamba wa damu kwenye mate, uliokatika wenyewe, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Damu mbichi nyekundu inayoendelea, mabonge ya damu, au matapishi mekundu au ya kahawia iliyokolea, usipige simu kuuliza, nenda hospitali. Mkalishe ameinama mbele, ateme kwenye beseni asimeze, usimpe chakula wala dawa, na usimlaze chali. Hata kama damu imekatika mkiwa njiani, fikeni, kwani hutangulia kutoka kidogo kabla ya kutoka nyingi. Usiku tega sikio: mtoto anayemeza-meza mate mfululizo huku amelala anaweza kuwa anameza damu. Mwamshe, umulike mdomoni kwa tochi ya simu.

Kwa sababu hiyo, aliyetoka Mpanda au Masasi kuja kutibiwa Dar es Salaam asikimbilie basi la kurudi siku ya tatu. Tafuta ndugu wa kukaa naye hadi siku ya kumi na nne, mahali ambapo unaweza kufika hospitali yenye chumba cha upasuaji ndani ya saa moja hivi. Namba ya bajaji au teksi inayokubali kuitwa saa 8 usiku iwe kwenye simu yako, na kiasi cha nauli kisiguswe.

Homa ndogo siku mbili za mwanzo si ajabu. Ikipita nyuzi 38.5, au ikija baada ya hapo, mwone daktari, na hakikisha anapimwa malaria. Kukatwa mafindofindo hakumkingi na mbu. Shingo iliyokakamaa ikaelemea upande mmoja kwa zaidi ya siku moja mbili, nayo ionwe. Akipumua kwa shida, usingoje asubuhi.

Mengine yatapita yenyewe. Kukoroma kunaweza kuendelea kwa wiki moja au mbili kwa sababu ya uvimbe. Sauti hubadilika, wakati mwingine maji hutokea puani anapokunywa. Vikizidi mwezi, mrudishe. Watoto wengine hukojoa kitandani au kuamka wakilia usiku kwa siku kadhaa baada ya nusu kaputi. Usimgombeze. Moshi nao unakausha na kuchoma koo lake, kwa hiyo jiko la mkaa, sigara, udi na dawa ya mbu ya kuchoma viwe mbali na chumba anacholala. Mwekee neti.

Shuleni au chekechea asirudi kabla ya wiki mbili kwisha, na mpira, kuruka kamba na kuogelea vingoje muda huo huo. Kama ameondolewa vinyama vya nyuma ya pua peke yake, wengi huwa sawa ndani ya wiki moja, ila ruhusa iombe kliniki. Siku hiyo ya kliniki nenda nayo ile karatasi ya saa za dawa. Inamsaidia daktari kuona mambo yalivyokwenda. Na baada ya miezi miwili hadi mitatu, msikilize usiku akiwa amelala fofofo. Kama bado anakoroma kwa nguvu au anakata pumzi, mrudishe kwa bingwa yule yule, mwambie ulichokisikia, na kama unaweza, mrekodi kwa simu umsikilizishe.